Jina la sabuni yetu litangoja miezi mingapi?

Safari hii tunajibu swali ambalo limerudi mara tatu kwenye mikutano ya vikundi: tukitaka jina la bidhaa yetu liandikwe serikalini ili mwingine asilichukue, inachukua muda gani? Mmoja anayeuliza anatengeneza sabuni, mwingine unga wa uji, mwingine juisi ya marakuja ambayo watu wa Birere wamekwisha kuizoea kwa jina lake.

Jibu fupi: hesabuni miezi, msihesabu wiki.

Kuna karatasi mbili ambazo watu wanazichanganya kila siku. RCCM, ile inayotolewa kwenye Guichet Unique, inaonyesha kwamba biashara yenu ipo. Ni karatasi ya lazima, hasa tangu nchi yetu iingie OHADA mwaka 2012. Lakini haiwapi haki juu ya jina lililo kwenye etiketi. Jina hilo ni alama ya biashara, ile "marque" ya kwenye makaratasi ya Kifaransa, nayo ina sheria yake, ya tarehe 7 Januari 1982. Ombi lake linapokelewa Kinshasa, kwenye Wizara ya Viwanda. Basi komisioneri akiwaahidi "marque" ndani ya wiki moja, mwulizeni kwanza ataleta karatasi gani. Huenda ni RCCM tu, na ninyi mtakuwa mmelipia kitu kingine.

Kwa nini miezi? Fikirini nchi za jirani. Kenya, Uganda na Tanzania, ombi likishakaguliwa, jina linatangazwa kwenye gazeti la ofisi, kisha watu wote wanapewa siku 60 za kupinga. Hata kama hakuna anayepinga, siku hizo lazima ziishe. Inachosha, ndiyo, ila kungoja huko kuna kazi yake. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha huko kwao jina KIKOY, kama vile kikoi si kitambaa ambacho watu wa pwani wanakijua tangu zamani. Wakenya walipata nafasi ya kupinga, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Lingepitishwa kwa wiki moja, nani angekuwa amepata habari?

Na wakubwa pia wanangoja. Kampuni ya Disney iliomba Marekani mwaka 1994 kumiliki "Hakuna Matata" kwenye nguo, mwaka uleule filamu yake ya simba ilipotoka. Hati ilitolewa mwaka 2003. Miaka tisa! (Sisi tunaendelea kusema hakuna matata bila kulipa kitu. Haki hiyo ni ya kuuza nguo zenye maneno hayo kule Marekani, si ya kuyatamka.)

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lingetakiwa kuulizwa kabla ya lile la miezi. Hapa kwetu anayeangaliwa ni yule aliyetangulia kuomba, wala si yule aliyetangulia kupata umaarufu sokoni. Na ulinzi, ambao ni wa miaka 10 na unaweza kuongezwa, unahesabiwa tangu siku ya ombi. Kwa hiyo hati ikichelewa, nafasi yenu kwenye mstari haipotei. Inapotea mkikaa mwaka mzima mkisema "tutaomba tukipata pesa", huku aliyeonja juisi yenu ametangulia Kinshasa na jina lenu mkononi.

Tunajua kusema ni rahisi. Mwishoni mwa Januari 2025 ndege za abiria ziliacha kuruka kutoka Goma na benki zikafunga milango. Karatasi na pesa za kwenda Kinshasa zinazunguka mbali, mara nyingi kwa mkono wa mtu. Huyo mtu apewe barua ya kumtuma inayosema wazi anaomba kwa jina la nani, na arudishe nakala ya karatasi ya kupokelewa yenye tarehe. Karatasi hiyo msiikunje ndani ya daftari la likelemba. Tengenezeni nakala tatu, ziwekwe nyumba tatu.

Na hapo penye "kwa jina la nani" ndipo tunaogopa zaidi kuliko kwenye miezi yote. Kikundi ambacho kina daftari na sanduku tu, bila kuwa koperative wala shirika lililoandikwa kisheria, hakiwezi kumiliki alama. Basi watu wanasema: tuandike kwa jina la mama presidenti, yeye ana kitambulisho. Mama presidenti anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini anaweza kuhama, anaweza kufariki, na jina la sabuni ya wamama 20 likabaki mikononi mwa wakwe zake ambao hawajawahi kuchemsha mafuta hata siku moja. Ni afadhali kuchelewa miezi miwili mkitafuta karatasi za koperative. Kama haiwezekani, andikeni mapatano, wote watie sahihi, kwamba alama ni ya kikundi.

Wakati mnangoja, uzeni kwa jina hilo bila hofu, lakini msiweke ile R ya ndani ya duara kabla ya hati kutoka. Msichapishe etiketi elfu kabla ya kuulizia Kinshasa kama jina liko huru. Na jina linaloeleza kitu tu, kama "Sabuni Safi", ni vigumu kulifanya lenu peke yenu.

Angalieni pia fungu la bidhaa. Sabuni iko fungu la 3, juisi la 32, fromaji la 29. Unga wa kawaida ni la 30, lakini chakula cha watoto wachanga ni la 5. Wenye unga wa uji wasidanganyike hapo.

Neno la mwisho ni kwa wanaovuka mpaka. Ombi la Kinshasa linalinda Kongo tu, maana hatumo OAPI wala ARIPO. Ila nchi yetu na Rwanda zote zimo kwenye Mapatano ya Paris, ambayo yanawapa miezi 6 ya kuomba na Kigali huku mkihesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Mama anayepeleka fromaji ya Masisi Gisenyi aandike miezi hiyo kwenye kalenda ya jikoni, akianzia siku ya ombi, si siku ya hati.