SIKU SITINI

Saratani ya titi ikitajwa nyumbani mwetu, watu hushusha sauti kana kwamba mgonjwa amekwisha kufa. Twaona aibu hiyo imewaua mama zetu wengi bila sababu, na yafaa tuiseme waziwazi.

Hofu kubwa ya mama ni kukatwa titi. Na ajue basi kwamba mwaka 2002 daktari Bernard Fisher wa Marekani na wenzake walitoa habari za wagonjwa waliowafuata kwa miaka 20: walioondolewa uvimbe tu, kisha wakapigwa mionzi, waliishi sawasawa na waliokatwa titi zima. Ni kweli, lazima uvimbe uwe bado mdogo.

Dawa nazo zimeongezeka. Tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu, huikinga saratani isilishwe na homoni ya kike; tena mwaka 1998 ilionekana kwamba hupunguza ugonjwa kwa karibu nusu miongoni mwa wanawake walio katika hatari kubwa. Trastuzumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka huo huo, ilikuwa ghali mno; mwishoni mwa 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha dawa ya mfano wake iliyo rahisi zaidi. Lakini kila moja ina saratani yake. Pasipo kupima kipande cha uvimbe, daktari hawezi kujua ampe mgonjwa ipi.

Hapo ndipo penye kisa. Mwaka 2023 Shirika hilo lilipendekeza kwamba tangu mama aingie zahanati na uvimbe wake hadi apate jibu kamili, zisipite siku 60. Je, kwetu Tanzania ni siku ngapi? Mama wa Sumbawanga hupewa dawa ya maumivu, akaambiwa arudi. Akirudi, hupewa barua ya rufaa. Nauli ya kufika Ocean Road, Dar es Salaam, humngoja mume auze mahindi. Wakati huo uvimbe haumngoji mtu.

Twaitaka Serikali imfundishe kila mhudumu wa zahanati kupapasa titi na kumpeleka mgonjwa mbele siku ile ile, na maabara za kupima vipande zisogezwe mikoani. Nanyi waume, msingoje mavuno. Uzeni mbuzi.