Msaada umepungua: je, sanduku la akiba litatosha?

Mwaka 2025 ulitupiga mara mbili hapa Kivu. Mwezi wa kwanza Marekani ilisimamisha misaada yake. Mwezi huohuo Goma ikaingia mikononi mwa M23, na benki zikafunga milango. Kisha kambi zilizozunguka mji zikabomolewa, na wakimbizi wengi wa vita wakarudi Masisi na Rutshuru bila jembe wala mbegu.

Makanisa mengi yanategemea AVEC. Mpango huu ulianza Niger mwaka 1991: watu 15 hadi 25 wanaweka akiba kila juma, wanakopeshana, na mwisho wa mwaka wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu.

Lakini mwenye njaa hawezi kuweka akiba. Atakopa ili ale, na deni litamfukuza kikundini. Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tusimwambie mjane “jitegemee” siku ya kwanza. Kwanza chakula, jembe na mbegu. Akiisha kuvuna, ndipo sanduku. Na pesa za kanisa zisiingie humo: mtu hulinda zaidi kile alichokitoa mwenyewe.