Kabla ya kukubali kwamba ordinatere imezeeka, tazameni tarehe yake

MAONI, Bunia. Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, ordinatere yetu ya redio ilikataa kufunguka. Yaani iliwaka, feni ikazunguka, lakini badala ya Windows ukaja ukurasa wa buluu. Ikajizima, ikawaka tena, ukurasa uleule. Mara nne. Juu yake kulikuwa na maneno haya: INACCESSIBLE BOOT DEVICE.

Ndani ya mashini hiyo mlikuwa sauti za wiki nzima. Si muziki. Ni matangazo ya familia zinazotafutana: mama aliyekimbia Djugu na watoto wanne, mmoja akapotea njiani, mzee wa Irumu anayeuliza kama kuna mtu aliyemwona mdogo wake. Wengi wao hawana simu ya kupigiwa mara ya pili. Walikuja kwa miguu kutoka kambini, wakasema maneno yao mbele ya mikro, wakarudi. Majina tulikuwa nayo katika daftari, lakini sauti hazikuwa pahali pengine popote. Hilo ni kosa letu na ninaliandika kama kosa.

Wiki tatu mbele ya hapo tulikuwa tumeondoa disiki ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, tukaweka SSD mpya. Tulimwita fundi aliyeiweka. Alitazama dakika tano akasema: "Mukubwa, hii mashini ni ya zamani sana. Haitambui SSD muzuri. Tuformate tuanze upya, ama mutafute ingine."

Kuformati ni kufuta. Tulikataa, na sisemi tulikataa kwa ujuzi. Tulikataa kwa woga.

Aliyetusaidia ni kijana anayetengeneza simu chini ya bashi, yeye mwenyewe mkimbizi wa ndani. Disiki hakuigusa. Aliwasha mashini, akabonyeza F2 mfululizo mpaka ukurasa wa BIOS ukatokea. BIOS ni programu ndogo inayokaa katika kadi mama. Ndiyo inayoamka kwanza, inahesabu vifaa vilivyomo, kisha inaiita Windows. Kijana akaweka kidole pembeni ya kioo. Tarehe ilisema 1 Januari 2009.

"Papa, muone. Mashini imesahau."

Kwenye kadi mama kuna betri ya duara kama sarafu, namba yake CR2032, volti 3, ndugu ya ile inayokaa katika funguo za gari za kisasa. Katika mashini nyingi za zamani, betri hiyo ndiyo inalinda saa pamoja na mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme wowote. Katika mji wenye umeme wa saa zote inaweza kufa na mtu asijue kwa miaka, kwa sababu mashini iliyochomekwa ukutani hupata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa. Kwetu betri za sola zilikuwa zinashikilia usiku. Usiku ule wa Jumapili ziliisha. BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na upande wa disiki, kiwanda kiliandika IDE. Fundi alikuwa ameweka Windows wakati mpangilio ni AHCI.

IDE na AHCI ni kama lugha mbili za kuzungumza na disiki. IDE ni ya zamani: ombi moja, jibu moja, ndipo ombi lingine. AHCI ilikuja mwaka 2004 na inaruhusu maombi hadi 32 yapange foleni kwa pamoja, ndiyo maana SSD inaipenda. Lakini Windows ikishazoea kuamka kwa lugha moja, ukiibadilishia ghafla haiioni tena disiki yake yenyewe. Inatoa ukurasa wa buluu. Disiki ni nzima, Windows ni nzima, sauti zipo. Kijana alichagua AHCI, akabonyeza F10 kuhifadhi, mashini ikafunguka. Kazi ya dakika mbili, na kutafuta betri mpya sokoni kulichukua muda mrefu kuliko hiyo.

Simwandiki vibaya fundi wa kwanza, alifanya kazi yake ya kuweka disiki na aliifanya vizuri. Lawama yangu ni juu ya lile neno "haitambui". Katika mji huu neno hilo linafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na neno "virusi": linafunga mazungumzo, na mwenye mashini anafungua mfuko wa pesa. Mafundi wetu wanaposema haitambui, wanaweza kuwa wanasema mambo matatu yasiyofanana hata kidogo, na mteja ana haki ya kuuliza ni lipi.

Kwanza, BIOS yenyewe haina jina la disiki hiyo. Hapo ni waya, ni tundu, ni umeme usiofika, au ni tundu la SATA lililozimwa ndani ya BIOS. Badilisha waya, jaribu tundu lingine. Na hapa niseme ukweli: kuna mashini zinazokataa kweli. SSD ndefu nyembamba kama kipande cha bazooka, ya aina ya NVMe, si mali ya mashini za miaka kumi na tano. Hata ukipata adapta ya kuichomeka, BIOS ya zamani kwa kawaida haiwezi kuanzia humo. Vilevile kadi mama kadhaa za miaka ya mwanzo ya SATA, karibu 2003 hadi 2005, zinashindwa kuelewana na disiki mpya. Fundi akikuambia hivyo kwa sababu hizo, ana haki, mlipe muda wake. Zaidi ya hapo, SSD ya kawaida ya SATA inashuka mwendo yenyewe ili ifuatane na tundu la zamani. Itatembea kwa megabaiti 300 kwa sekunde au hata 150 badala ya 500 na kitu, lakini utaona tofauti kubwa bado, maana disiki inayozunguka inapoteza milisekunde kumi na zaidi kila inapotafuta kitu, na SSD haitafuti kwa kuzunguka.

Pili, BIOS inaiona lakini katika Windows haimo kati ya disiki zako. Mara nyingi maana yake ni kwamba ni mpya, tupu, haijaandaliwa. Unaingia katika chombo cha Windows cha kusimamia disiki, unaianzisha, unaigawa, unaipa herufi. Kwa ordinatere ya zamani isiyo na UEFI chagua aina ya MBR kama Windows itaanzia humo, GPT haitakubali. Lakini, ndugu zangu, chombo hichohicho kikiona disiki yako ya zamani iliyoharibika kidogo, ile yenye picha na vyeti, nayo kinaweza kukuuliza kama uianzishe. Hapo jibu ni hapana. Mtu mmoja wa kambi ya Kigonze alinieleza jinsi alivyopoteza picha za karatasi za shamba lake kwa kubonyeza ndiyo moja. Shamba hawezi kulifikia, na sasa karatasi pia hana.

Tatu, inaonekana na inafanya kazi, lakini kama kwa kulegea. Huenda ni hiyo IDE. Huenda disiki ilinakiliwa kutoka mashini iliyozaliwa na Windows XP: XP ilianza sehemu ya kwanza ya disiki kwenye sekta ya 63, na SSD huhesabu kwa mafungu ya baiti 4096, kwa hiyo kila maandishi yanakanyaga mafungu mawili badala ya moja. Tangu Windows Vista mwanzo umewekwa kwenye sekta ya 2048 na mambo yanakaa sawa. Windows 7, ya mwaka 2009, ndiyo ilileta pia TRIM, amri ya kuiambia SSD nafasi zipi zimeachwa wazi. Hivyo anayetaka kuendelea na XP juu ya SSD anajitesa bure.

Na kwa anayetoka IDE kwenda AHCI kwa hiari: usibadilishe tu kwa sababu umesoma hapa. Windows 10 iambie kwanza iamke katika hali salama, ndipo ubadilishe BIOS, iache ipate dereva, kisha uirudishe hali ya kawaida. Ukikutana na ukurasa wa buluu, rudisha IDE na itafunguka kama jana. Hakuna kilichopotea. Sentensi hiyo peke yake ingeokoa kazi za wanafunzi wangapi hapa mjini, sijui. Ukiogopa, iache katika IDE. Bado itaishinda ile inayozunguka.

Kwa nini ninashupalia jambo dogo hivi? Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 bure kama zamani, na Windows 11 inakataa rasmi mashini nyingi za zamani. Ofisi za ng'ambo zinaziondoa, na tunajua zinakotua: Kampala, kisha Mahagi, kisha maduka yetu. Zitakuja kwa wingi, nyingi bila disiki, nyingi na betri iliyokufa. Shule za wahamishwa, vyama vya akina mama, redio ndogo kama yetu tutanunua hizo kwa sababu ndizo tunazoweza. Anayeuza aziwashe mbele yetu, atuonyeshe ukurasa wa BIOS na tarehe, azichomoe kabisa, aziwashe tena. Tarehe ikirudi nyuma, aweke betri kabla ya kupokea pesa.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi. Fundi akikuwekea SSD, disiki ya zamani inakwenda wapi? Mara nyingi inabaki juu ya meza yake, na wiki inayofuata iko ndani ya mashini ya mtu mwingine, pamoja na picha za watoto wako, vyeti vya kuzaliwa, labda orodha ya majina ya watu waliokimbia kijiji fulani. Kwa watu wetu, majina katika mikono isiyojulikana si jambo la mchezo. Disiki ya zamani ni yako. Iombe, iweke ndani ya kitambaa, mbali na maji. Wala usiitegemee SSD kama sanduku la kufungia vitu miaka mingi bila umeme. Ikiwa imechakaa na inakaa kwenye joto la chini ya bashi, inaweza kuanza kusahau. Uwe na nakala ya pili pengine.

Sisi sasa tuna karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashini: AHCI, betri imebadilishwa, tarehe. Kila jioni sauti zinanakiliwa kwenye ufunguo wa USB kabla jenereta haijazimwa. Waliotuachia matangazo wiki ile wasirudi kwa miguu kuyasema upya: sauti zenu zote zipo, zinasomwa kuanzia Jumatano saa kumi na mbili na nusu za jioni.