Ada Imefutwa, Kodi ya Geto Je?

Wadau, kule Marekani mzazi hununua nyumba ghali ili mwanawe aangukie kwenye shule nzuri ya serikali. Tunawashangaa, eti wanauziana elimu. Sisi je?

Njooni Kasanda, wilaya ya Kakonko, ile iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. MMES ilipoanza mwaka 2004 tuliambiwa kila kata itapata sekondari. Safi. Lakini kata za Kigoma si Sinza jamani! Mtoto wa kitongoji cha mbali anapanda vilima na kushuka, akichoka anapanga chumba karibu na shule. Hapo mwenye nyumba hauzi sakafu wala bati. Anauza ukaribu na kengele.

Januari 2016 serikali ilifuta ada ya sekondari ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka. Tukapiga makofi. Sasa piga hesabu: geto la elfu tano tu kwa mwezi ni 60,000 kwa mwaka. Mara tatu ya ada iliyofutwa! Bado mkaa, bado unga.

Na kodi ikichelewa, binti wa miaka 15 anayeishi peke yake anamlilia nani? Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Heko. Lakini kwa nini tumkumbuke akishapata mtoto?

Waheshimiwa, mkihesabu madarasa hesabuni na vitanda. Shule ya kata isiyo na hosteli haijafuta ada, imeihamishia kwa mwenye nyumba.