Ndege za abiria zikiongezeka Ufipa, nani ataziona ndege ndogo?

Uwanja wa ndege wa Sumbawanga ni mmoja kati ya viwanja vinne vya magharibi mwa Tanzania, pamoja na Kigoma, Tabora na Shinyanga, vilivyoingizwa katika mradi wa upanuzi kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kwa mkazi wa Rukwa anayeijua vizuri safari ya basi hadi Dar es Salaam, habari hiyo ina maana moja: ndege kubwa zaidi kutua karibu na nyumbani.

Lakini anga la Ufipa lina wenyeji wake tayari. Ndege ndogo za kukodi hupeleka watalii katika hifadhi za Katavi na Mahale, na nyingine husafirisha wagonjwa na watu wenye shughuli za haraka. Nyingi hutua kwenye viwanja vya udongo au nyasi visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Je, ndege hizi na zile za abiria zinaepushwaje kugongana?

Somo kutoka Nairobi

Jibu lina uzito zaidi tangu Machi 5, 2024. Asubuhi hiyo ndege aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Diani ikiwa na abiria 39 na wahudumu 5, wakiwemo marubani. Muda mfupi baada ya kuruka, waliokuwa ndani walisikia kishindo kikubwa. Ilikuwa imegongana na Cessna 172 ya chuo cha urubani.

Dash 8 ilirejea Wilson salama. Cessna ilianguka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na mkufunzi na mwanafunzi wake wakafariki dunia.

Wilson si uwanja wa porini. Una mnara, una waongoza ndege, na ajali ilitokea mchana kweupe. Ikiwa hilo linawezekana pale, kuna sababu ya kujiuliza kuhusu maeneo yenye uangalizi mdogo zaidi.

Kwa nini macho hayatoshi?

Kanuni ya zamani kuliko zote ni rubani kutazama nje na kukwepa. Tatizo ni kasi. Ndege ya abiria inayokwenda kilomita 450 kwa saa ikikabiliana na Cessna inayokwenda 220, zinakaribiana kwa takriban mita 185 kila sekunde. Ndege ndogo iliyo umbali wa kilomita tano huonekana kama nukta, na nukta hiyo inafika katika sekunde 27 hivi.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. Ndege iliyo kwenye njia ya kugongana nawe haisogei kwenye kioo. Inabaki palepale, kisha inakua ghafla. Jicho la binadamu hushtuliwa na kitu kinachosogea, si kilichotulia.

Huko San Diego, Marekani, Septemba 25, 1978, marubani wa Boeing 727 waliarifiwa kuhusu Cessna iliyokuwa mbele yao, wakaiona, kisha wakaipoteza. Watu 144 walikufa, wakiwemo waliokuwa ardhini.

Kifaa kinachosaidia, na mahali kinapokwama

Ndege kubwa za abiria hubeba mtambo unaojulikana kwa kifupi kama TCAS. Mtambo huo huziuliza ndege za jirani ziko wapi na kwenye kimo gani. Hatari ikikaribia, humwamuru rubani apande au ashuke.

Anayejibu maswali hayo ni kifaa kiitwacho transponda, kilicho ndani ya ndege nyingine. Ndege ndogo isiyo na transponda, au iliyokizima, haipo kabisa kwa TCAS. Yenye transponda isiyotaja kimo huonekana nusu tu: rubani anaweza kutahadharishwa, lakini mtambo hauwezi kumwambia apande au ashuke.

Hilo ndilo lililogharimu maisha Cerritos, karibu na Los Angeles, Agosti 31, 1986. Piper ndogo iliingia bila ruhusa katika anga linalodhibitiwa, na transponda yake haikuwa ikitaja kimo. Iligongana na DC-9 ya Aeromexico na watu 82 wakafa. Baada ya hapo Marekani ililazimisha ndege za abiria kuwa na TCAS.

Kuna kikomo kingine. Chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, TCAS haitoi tena amri ya kupanda au kushuka. Kwa hiyo karibu na uwanja, mahali ambapo ndege zinakutana zaidi, kazi inarudi kwa redio, mwongoza ndege na macho.

Ufipa ina mambo yake

Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu futi 5,900. Rubani wa ndege ndogo anayeona kipimo chake kikisoma futi 7,500 yuko takriban futi 1,600 tu juu ya mashamba. Nafasi ya kupishana kwa kimo ni finyu kuliko pwani.

Kipimo hicho nacho hutegemea mgandamizo wa hewa. Marubani wawili wakiweka vipimo vyao tofauti kwa hektopaskali 10, kila mmoja anaweza kuamini yuko kwenye kimo chake, kumbe kuna kosa la karibu futi 300.

Tanzania imefunga rada za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ya Songwe ndiyo iliyo karibu zaidi na Rukwa. Hata hivyo mawimbi ya rada husafiri kwa mstari ulionyooka. Kadiri ndege inavyoshuka, ndivyo milima na mviringo wa dunia unavyoweza kuificha. Na mwishoni mwa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa hupunguza umbali wa kuona.

Nini kifanyike?

Hatua zenyewe zinajulikana. Kwanza, ndege ndogo zinazotumia njia moja na ndege za abiria ziwe na transponda inayotaja kimo, na iwashwe safari nzima. Pili, kila rubani atangaze kwenye masafa ya pamoja ya redio mahali alipo na anakoelekea, hata pale anapodhani yuko peke yake. Tatu, marubani wote wapate kipimo kimoja cha mgandamizo kutoka uwanjani. Nne, njia za kuingia na kutoka zitenganishwe mapema, kabla ratiba hazijajaa.

Hatua hizi zina gharama, na sehemu kubwa itamwangukia mwenye ndege ndogo. Ni haki kujadili nani achangie. Lakini mtambo wa mamilioni ndani ya ndege ya abiria hauna faida kama jirani yake hajibu. Lami na jengo la abiria mwananchi ataviona kwa macho. Usalama wa angani hataweza kuuona, hivyo ni juu ya mamlaka kumwonyesha kwamba nao umejengwa.