Vioja Visivyo na Kwao

JICHO LA WIKI
Na Zuhura Mwinyimkuu

Miongoni mwa kazi ambazo intaneti imezizaa bila kuzipa mshahara ni ile ya mtu anayeokota na kusambaza vitu vya kupendeza, vya kuchekesha na vya kustaajabisha: leo mchoro wa kale wa Uchina, kesho miwani iliyoundwa kwa vyuma chakavu, keshokutwa katuni, kisha jeneza la Ghana lililochongwa kwa umbo la samaki. Mtu huyo si msanii kwa maana iliyozoeleka, wala si mwanahabari au mtunza makumbusho, lakini ana kidogo cha kila mmoja wao, kwa kuwa anachagua, anapanga, na anaweka kitu kimoja kando ya kingine hadi vyote viwili vionekane upya. Safu hii inashikilia kwamba kazi hiyo ni ya heshima, na kwamba nusu yake, ambayo wengi huiacha njiani, ni kueleza kitu kimetoka wapi, nani alikitengeneza na lini. Kwani kioja kilichonyang'anywa asili yake hupoteza sehemu kubwa ya kile kilichokifanya kuwa kioja.

Mazoea haya yana ukoo mrefu. Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 wenye uwezo walikuwa na vyumba vya maajabu, yaani vyumba vilivyojazwa makombe ya baharini, sanamu, ala za muziki, mawe, wanyama waliokaushwa na vyombo vya nchi za mbali, vyote vikiwa vimechanganywa bila mtu kujali kutenganisha kazi ya mkono na kazi ya maumbile. Ole Worm, tabibu wa Copenhagen, alikuwa na mkusanyo wa namna hiyo, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1655, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kinachomfanya Worm astahili kukumbukwa hapa si wingi wa vitu alivyorundika bali ni tabia yake ya kuuliza kila kimoja kimetoka wapi: mwaka 1638 alieleza kwamba zile pembe ndefu zilizosokotwa, ambazo watawala walizinunua kwa bei ya kutisha wakiamini kuwa ni za farasi wa hadithi mwenye pembe moja, zilikuwa meno ya narwhal, nyangumi wa bahari za kaskazini. Ugunduzi huo haukupunguza ajabu ya pembe hizo hata kidogo, kwa sababu mnyama wa kweli anayeogelea chini ya barafu akiwa na jino linalopita mita 2 anastaajabisha kuliko farasi wa kubuni. Mkusanyo mwingine, wa Hans Sloane wa London, uliokuwa na vitu zaidi ya 71,000, ndio uliokuwa msingi wa British Museum mwaka 1753. Na si vibaya kukumbusha kwamba sehemu ya mali iliyougharamia ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica yaliyolimwa na watumwa, jambo ambalo kwa muda mrefu halikuandikwa kwenye vibandiko vya makabati yake.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili, na ambao unafaa kutazamwa kwa utulivu, ni mchoro wa twiga wa enzi ya Ming, ambao huzunguka mitandaoni mara kwa mara na kushangiliwa kila unapoibuka. Umechorwa juu ya hariri: twiga amesimama wima, shingo imenyooka, mwili umejaa mabaka yaliyopangwa kama wavu, na kando yake yupo mtumishi mwenye kilemba aliyeshika kamba na kuinua macho kumtazama mnyama aliye chini ya ulinzi wake. Sehemu ya juu imejaa maandishi ya Kichina ya Shen Du, mwandishi wa hati za sanaa katika kasri la mfalme Yongle. Nakala mojawapo imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Philadelphia nchini Marekani, na nyingine iko Taipei.

Maelezo yanayofuatana na picha hiyo inapopita mkono kwa mkono kwa kawaida huwa mafupi na yenye uhakika: kwamba huyu ndiye twiga aliyepelekwa Uchina na watu wa Malindi. Msomaji wa Mombasa au Tanga hupenda habari hiyo, naye ana haki ya kuipenda, kwa sababu ni kweli kwamba wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga mwaka 1415, katika miaka ya safari za amiri Zheng He. Hata hivyo maandishi yaliyo juu ya mchoro wenyewe yanasema jambo jingine, kwani yanamtaja mnyama aliyefika mwaka 1414 akiwa zawadi kutoka Bengali, tena yanamwita qilin, yaani mnyama wa hadithi za Kichina ambaye kuonekana kwake kulihesabiwa kuwa dalili ya mfalme mwadilifu. Aliyeandika neno Malindi chini ya picha hiyo hakusema uongo mkubwa. Aliunganisha habari mbili zilizofuatana kwa mwaka mmoja, akachukua iliyompendeza.

Lakini tazama kilichopotea katika uunganishaji huo. Bengali haina twiga wa asili, kwa hiyo mnyama wa mwaka 1414 alikuwa amekwisha kuvuka bahari mara moja kabla ya kupandishwa jahazi la kwenda Uchina, na wanahistoria huona kwamba huenda naye alitoka katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki, akapelekwa zawadi kwa mtawala wa Bengali, ambaye naye alimtoa zawadi kwa mkubwa kuliko yeye. Habari sahihi basi inaonyesha bahari nzima ya Hindi ikiwa na njia zake, wafalme wake na adabu zao za kupeana zawadi, wakati habari iliyofupishwa inaonyesha safari moja tu ya kutoka bandari moja hadi nyingine. Zaidi ya hayo, aliyeambiwa tu kwamba huyu ni twiga wa Malindi hana sababu ya kujiuliza kwa nini wenye kasri walimwita mnyama halisi kwa jina la mnyama wa hadithi, wala hatajua kwamba kulikuwa na faida ya kisiasa katika kumwita hivyo, kwa kuwa Yongle alikuwa amekinyakua kiti kutoka kwa mpwa wake na alizihitaji sana dalili za kumthibitisha. Kwa maelezo yake kamili picha hiyo ni mlango wa historia, na bila hayo ni picha ya twiga.

Asili ya kitu hupotea mtandaoni kwa njia za kawaida kabisa, na mara nyingi bila nia mbaya ya mtu yeyote. Faili la picha linaweza kubeba ndani yake metadata, yaani taarifa zisizoonekana kwa macho ambazo hueleza mpigaji, tarehe, mahali na mwenye haki, lakini programu nyingi za ujumbe huzifuta zinapoipunguza picha ili isafiri kwa haraka. Picha ya skrini huziacha zote nyuma, na anayekata kingo ili picha ienee vizuri kwenye simu hukata pia saini ya msanii. WhatsApp ilianza mwaka 2018 kutia alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na mwaka 2020 ikazuia ujumbe uliopita mikono mingi usipelekwe kwenye zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja. Hatua hizo zilikusudiwa kupunguza uvumi, lakini zinachekesha kidogo kwa jinsi zinavyomjulisha mpokeaji kwamba kitu kimetembea sana bila kumwambia kimeanzia wapi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kifaa cha zamani kilicholitatua tatizo hili kwa sehemu, nacho ni kanga. Kila mtu anajua kwamba kanga ina pindo, yaani mapambo yanayoizunguka, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maandishi yanayobeba mzaha, kijembe, dua au mapenzi. Wachache hukumbuka kusoma yale maandishi madogo ya ukingoni ambayo kwa kanga nyingi za Mombasa hutaja K.H.E. na Mali ya Abdulla, alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza mwaka 1887. Kanga hiyo inaweza kununuliwa Mombasa, ikatunzwa Unguja, ikapelekwa zawadi Muscat na kuishia kuwa pazia mjini London, na popote itakapofika mchoro wake unafika pamoja na taarifa ya ulikotoka, kwa kuwa taarifa hiyo imechapwa kwenye kitambaa kile kile na haiwezi kuachwa nyuma ila kwa mkasi.

Hata hivyo isisifiwe kupita kiasi. Alama hiyo inamtaja mfanyabiashara, na haimtaji aliyechora maua ya pindo wala aliyetunga maneno, ambaye mara nyingi hajulikani hata na wanaovaa kazi yake kila siku. Hali ya Tingatinga inafanana na hiyo kwa upande wa pili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zenye mng'aro juu ya vipande vya mbao, alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na matokeo yake ni kwamba picha yoyote ya chui mwenye macho makubwa husambazwa kwa jina hilo, huku aliyeichora, ambaye ameweka saini yake kwenye kona ya chini, akikatwa pamoja na kona hiyo. Hapo jina moja maarufu limewafunika wengi wasio maarufu, na msambazaji anaamini kwamba ametimiza wajibu.

Upo upande ambao hoja hii inapaswa kulegea, nao ni upande wa vichekesho. Mzaha wa maneno haujawahi kuwa na mwenyewe; hadithi za Abunuwasi zimepita katika lugha na bandari nyingi mno kwa mtu yeyote kudai umiliki, na anayedai jina la mtungaji wa kila kichekesho kinachotumwa kwenye kundi la familia anajitafutia kazi isiyo na mwisho na, ukweli usemwe, anachosha. Jambo linabadilika pale mzaha unapobebwa na uso wa mtu. Osita Iheme, mwigizaji wa Nigeria aliyecheza na Chinedu Ikedieze katika filamu ya Aki na Ukwa ya mwaka 2002, amekuwa mojawapo ya nyuso zinazotumwa sana duniani kueleza dharau, mshangao au njama inayopikwa, na wengi wa wanaomtumia nje ya Afrika hudhani wanamwona mtoto mtukutu asiye na jina. Watazamaji wa Nairobi na Dar es Salaam waliozifuata filamu hizo kwenye kanda na diski wanajua kwamba yule ni mtu mzima aliyekuwa akiigiza utoto kwa ufundi wa hali ya juu, wakati mwenzake akijibu kila kituko kwa kituko kikubwa zaidi. Na kwao picha ile ile inachekesha mara mbili, kwanza kwa uso na pili kwa sanaa iliyo nyuma ya uso.

Udhuru wa kukosa nafasi ya kutafuta asili ulikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Tangu mwaka 2008 upo mtambo wa TinEye ambao hupewa picha na kuonyesha mahali pengine ilipowahi kutokea, na Google ikaanzisha huduma kama hiyo mwaka 2011. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalifungua mwaka 2017 mamia ya maelfu ya picha zake zitumiwe bila malipo, na taasisi ya Smithsonian ikafungua nyingine zipatazo milioni 2.8 mwaka 2020, kila moja ikiwa na ukurasa unaoeleza kitu, mtengenezaji anapojulikana, umri na namna kilivyofika hapo. Kurasa hizo nazo zina mapengo, hasa kwa vitu vya Afrika, ambavyo vingi huandikiwa jina la kabila mahali ambapo kitu cha Ulaya kingeandikiwa jina la fundi. Lakini pengo lililoandikwa wazi linaweza kujazwa siku moja na mtu anayejua, jambo lisilowezekana kwa picha iliyofika bila neno lolote.

Limebaki swali la msambazaji mwenyewe, ambaye naye huudhika, na kwa haki, anapoona kitu alichokitafuta kwa juhudi kimechukuliwa na wengine bila kutajwa. Mwaka 2012 mwandishi Maria Popova alipendekeza alama mbili ndogo za kutumiwa mtandaoni, moja ikionyesha kwamba kitu kimechukuliwa moja kwa moja kutoka kwa fulani, na nyingine kwamba fulani huyo ndiye aliyetoa fununu iliyompeleka mtu kwenye kitu hicho. Pendekezo hilo lilizungumzwa kwa muda, likakejeliwa, kisha likafifia. Wengi walilihesabu kuwa la kujikweza, lakini kasoro yake kubwa zaidi ilikuwa ya mpangilio, kwa sababu lilitunga alama za kumheshimu aliyeokota katika mazingira ambamo aliyetengeneza alikuwa bado hajatajwa. Na iwapo siku moja litafufuliwa, lingefaa lianze na mchoraji, limfuate mwenye duka, na limfikie mwokotaji mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.