Kampuni zigawane baadaye, mwenye mzigo alipwe kwanza

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo. Riziki yangu ni makaratasi: hati ya shehena, orodha ya vitu, stakabadhi za ushuru za OBR, mamlaka yetu ya mapato, kibali cha kutokea getini. Bima si fani yangu. Lakini katika Bandari ya Bujumbura, kontena likifunguliwa na mzigo ukakutwa umelowa, macho yote humgeukia wakala, na swali la "sasa tufanyeje?" huulizwa yeye. Ndiyo maana mikataba ya bima nimeisoma kuliko nilivyopenda, tena mingi ikiwa ya herufi ndogo za kumchosha mtu mwenye miwani.

Nina neno na kampuni za bima, na pia na ARCA, chombo kinachozisimamia hapa Burundi. Mtu aliyelipia bima mbili kwa vitu vilevile asigeuzwe tarishi wa kupeleka barua za kampuni hii kwa kampuni ile.

Nimemhudumia mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya kuishi Ubelgiji muda mrefu. Vyombo vyake vyote vilikuja ndani ya kontena: makochi, friji, cherehani, magodoro, vitabu vya watoto. Vilishukia Dar es Salaam, vikapanda reli hadi Kigoma, kisha meli hadi kwetu. Siku hizi wengi huleta kwa lori kupitia mpaka wa Kobero, lakini yeye alichagua ziwa. Waliomfungashia vyombo walimuuzia bima ya safari ya mzigo. Wakati huohuo bima yake ya vitu vya ndani ya nyumba ilikuwa bado hai, na mkataba wake ulisema inavifuata vitu hivyo hata wakati wa kuhama.

Tulipofungua kontena, magodoro yalikuwa yamevimba kwa maji na cherehani imeshika kutu. Akaandika madai kwa bima ya safari. Jibu likaja: tunaona una bima ya nyumba, tafadhali anzia huko. Akaandika huko. Jibu: vitu vilikuwa safarini, tafadhali rudi kwa bima ya safari. Barua zote mbili zilikuwa na nembo nzuri na maneno ya heshima. Wakati zinaandikwa, ada ya kuhifadhi mzigo ilikuwa inaongezeka kila siku, na ada hiyo haina mtu wa kuitupia mwenzake.

Ukiwauliza wenye bima, watakuambia bima haipo kumtajirisha mtu. Wako sahihi. Fidia ni ya kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, si kumpandisha juu yake. Na wapo wateja wanaojaribu kulipwa kotekote kwa godoro moja. Nimewahi kuombwa nakala ya pili ya orodha ya mzigo na mtu ambaye hakutaka kunieleza ni ya nini, nami nilielewa. Huyo ashughulikiwe kama mlaghai. Lakini mama yule alizitaja bima zote mbili tangu ukurasa wa kwanza wa madai yake. Ukweli wake ndio uliomponza, kwa sababu kila kampuni ilipata mahali pa kumwelekeza.

Wala jambo hili halikosi sheria. Sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906 inasema mtu mwenye bima zaidi ya moja anaweza kudai kwa mpangilio anaoutaka mwenyewe, mradi jumla isizidi hasara yake. Aliyelipa zaidi ya fungu lake atawadai wenzake. Kenya imeiga kanuni hiyo katika sheria yake. Ubelgiji, ambako mapokeo yetu ya kisheria yalianzia, sheria ya bima ya mwaka 2014 iko wazi zaidi: kampuni haiwezi kukataa kulipa kwa kisingizio kwamba kuna mkataba mwingine, isipokuwa pakiwa na udanganyifu. Ufaransa nako mteja ndiye anayechagua aende wapi.

Hesabu yenyewe haimshindi karani. Tuseme hasara ni faranga milioni 3, bima moja ina kiwango cha milioni 10 na nyingine milioni 5. Wakigawana kwa viwango hivyo, ya kwanza inatoa milioni 2 na ya pili milioni 1. Mwenye makochi hana haja ya kukaa katikati yao wakati wanapiga kikokotoo.

Huko London, mwaka 1932, ilifika mahakamani kesi ya ajali ya gari iliyokuwa na mikataba miwili, kila mmoja ukiwa na kifungu cha kujitoa endapo kuna bima nyingine. Jaji alikataa kuvisoma vifungu hivyo kwa namna ya kumwacha mtu aliyelindwa mara mbili bila ulinzi wowote, akaziambia kampuni zigawane. Imekaribia kutimia karne, na bado barua za namna ileile zinafika mezani kwangu.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wetu hulichanganya, hasa wanaopokea saruji na sukari kutoka bandari ya Mpulungu, Zambia. Wanasikia ghala lina bima, wanajiona wana bima mbili. Hapana. Bima ya mwenye ghala humlinda mwenye ghala. Mwaka 1877 ilikatwa kesi ya nafaka iliyoungua ghalani kando ya mto Thames. Mfanyabiashara alikuwa na bima yake na mwenye ghala ana yake, nafaka ni ileile na moto ni uleule. Mahakama ikasema maslahi ni mawili tofauti, kwa hiyo hakuna cha kuchangiana, na kampuni ya mwenye ghala ikabeba mzigo kwa kuwa yeye ndiye aliyewajibika kwa nafaka ile. Ghala likiwa halina kosa wala wajibu juu ya hasara yako, bima yake haikuhusu.

Tena soma ni maji gani yanalindwa. Katika masharti ya London yanayotumika sana kwa shehena, daraja B linataja waziwazi maji ya bahari, ya ziwa na ya mto yanayoingia chomboni, kwenye kontena au mahali pa kuhifadhi. Daraja C, lililo rahisi kwa bei, halina kipengele hicho. Kwa mtu wa bandari hii hilo si jambo dogo. Mwaka 2024 Tanganyika ilipanda hadi ikaingia mitaani, na watu wa Gatumba walikuwa wameshahama nyumba zao tangu mafuriko ya 2020.

Soko kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wengi walipoteza mtaji bila bima hata moja. Katika mji wa namna hiyo, mteja mwenye bima mbili ni mtu adimu, na jirani zake wanamtazama waone kama fedha zake zilipotea bure.

Kwa hiyo ARCA itoe agizo fupi: kampuni itakayopokea madai kwanza iyashughulikie mpaka mwisho, ilipe ndani ya mipaka ya mkataba wake, kisha iitafute nyenzake kudai mchango. Barua ya "anzia kwingine" ihesabiwe kuwa kukataa kulipa, na itolewe maelezo kama kukataa kwingine kokote. Mteja naye atie saini karatasi moja inayotaja bima zote alizonazo, ili anayeficha ajulikane mapema. Mpaka hapo, mteja anayeniuliza bima gani achukue ninamwambia amtake muuzaji aandike, juu ya karatasi yenye muhuri, nani atalipa kwanza. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, nampeleka dirisha la jirani.